Nani Ataibeba Pudini

Kerubo Nyaboke amewasha mioto mingi maishani mwake, lakini uliompatia jina Birmingham ulikuwa wa makaa ya mawe, katika nyumba ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Nyumba hiyo imo ndani ya makumbusho ya wazi, upande wa magharibi wa jiji, ambako mtaa mzima wa zamani umejengwa upya tofali kwa tofali: duka la dawa, kanisa dogo, karakana ya mfua minyororo na safu ya nyumba nyembamba za wafanyakazi. Watu wa leo huvaa nguo za mwaka 1895, wakaoka mkate, wakafua kwa mikono na kujibu maswali ya wageni. Nimetembelea makumbusho ya namna hii Uswidi na Korea, na kote nimekuta tatizo moja. Nguo ni rahisi kuzivaa. Kazi ndiyo ngumu. Mtu aliyezaliwa akakuta swichi ukutani hawi bibi yake kwa kufunga aproni ya bibi yake.

Miaka sita iliyopita Kerubo alifika pale akisukuma kiti cha magurudumu. Kilikuwa na mzee mmoja wa nyumba ya wazee ya Harborne, ambako Kerubo anafanya kazi. Walipoingia nyumba ya mfua minyororo walikuta jikoni kumejaa moshi, na mwanamke mnene mwenye kofia nyeupe amepiga magoti mbele ya jiko kubwa la chuma, anakohoa na kutukana. Huyo alikuwa Denise, mtu wa kujitolea kama wote wa pale, aliyeigiza mama wa nyumba. Kerubo alimtazama kwa dakika moja. Amekulia Nyamira, katika jiko la kuni, na aliona mara moja kwamba moto ule haukuhitaji kupulizwa. Ulihitaji njia ya kutokea.

"Naweza kujaribu?" aliuliza.

Akafungua kilango cha moshi, akatoa nusu ya makaa yaliyokuwa yamerundikwa, akapanga vijiti vitatu na karatasi moja iliyosokotwa. Kabla mzee hajamaliza peremende yake, maji ya chai yalikuwa yanachemka.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi, bab?" Denise alimuuliza. Bab ndivyo wanawake wa Birmingham wanavyoitana, awe dada, mteja au mtu asiyejulikana kabisa. Kerubo hakujua hilo siku ile. Alidhani amepewa jina.

Jumapili iliyofuata alirudi bila kiti cha magurudumu. Wakampa gauni la sufu la kahawia, aproni na kofia. Tangu siku hiyo, kila Jumapili aliyokuwa huru alitoka Longbridge, anakoishi, kwa treni na basi, na ilipotimu saa mbili asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, alikuwa amepiga magoti mbele ya lile jiko. Jumamosi hakuja. Kerubo ni Msabato, mtoto wa Wasabato, na tangu jua la Ijumaa lituapo hadi litue la Jumamosi hafanyi kazi, hapiki wala hanunui kitu. Kwa miaka ishirini na miwili Uingereza amekubali shifti za usiku na shifti za sikukuu, amebadilishana na kila mtu na kumbembeleza kila meneja, ili Jumamosi yake ibaki kuwa yake. Kwa hiyo Jumamosi jiko liliwashwa na mtu wa karakana, na nyumba ilifuka moshi mpaka jioni. Kerubo alilijua hilo na lilimfurahisha.

Sikukuu kubwa ya nyumba ile ni Krismasi. Hutanguliwa na kuchanganya pudini, Jumapili ya mwisho ya Novemba. Pudini hii ni keki nyeusi, nzito, ya zabibu kavu, mafuta ya figo ya ng'ombe, sukari guru na viungo, inayofungwa kwa kitambaa na kuchemshwa mchana kutwa. Kila mtu wa nyumba huikoroga, kutoka mashariki kwenda magharibi kwa ajili ya Mamajusi, akiwa amefumba macho na kuomba jambo moja moyoni. Wa mwisho ni mama wa nyumba, na ndiye anayetumbukiza sarafu ya fedha. Wiki kadhaa baadaye, katika siku za Krismasi za makumbusho, wikendi mbili za Desemba, saa sita kamili mchana, mapazia hufungwa, wageni hujazana sebuleni gizani, na mama wa nyumba hutokea mlango wa jikoni ameibeba pudini inayowaka moto wa buluu. Ni brandi iliyomwagwa juu yake ndiyo inayowaka. Wageni huguna kwa mshangao, kisha huimba.

Denise alikuwa ameibeba kwa miaka kumi na mitano. Kerubo alikuwa nyuma yake kwa miaka sita. Pudini ile ilichemka kwa moto wake. Chupa ya brandi ilipotolewa kabatini, yeye alichukua ndoo akaenda kuleta makaa, kwa kuwa Wasabato hawagusi pombe, naye hakutaka hata harufu yake imshike nguo. Alirudi wimbo ulipokwisha. Hayo yote aliyakubali. Alisubiri. Kila mtu alijua nyonga ya Denise imechakaa, na kila mtu, Kerubo aliamini, alijua nani anafuata.

Kisha yeye mwenyewe akamleta Kendi.

Hili alilirudia mara tatu aliponisimulia, jikoni kwake, akipiga meza kwa kidole kila mara. Alimkuta Kendi kwenye kituo cha basi Harborne, nesi kijana kutoka Meru, mwaka wake wa kwanza katika hospitali kubwa iliyo jirani, amesimama kwenye mvua analia bila kujificha. Kendi alikuwa amemsikia Kerubo akiongea Kiswahili kwenye simu, machozi yakamshinda. Kerubo akampeleka nyumbani, akampa ugali na mboga za majani, akampa soksi kavu. "Jumapili unafanya nini?" akamuuliza. "Njoo makumbusho. Utacheka."

Alikuja, na akacheka. Lakini pia alichekesha. Baada ya miezi miwili Kendi aliweza kusema kama wanawake wa mtaa ule wa zamani, maneno yakiburuzwa na kuvutwa hadi wageni wenyeji wakashika mbavu. Alijua majina ya watoto wote wa mfua minyororo na magonjwa waliyokufa nayo. Kwa urefu wake, aproni ya aina ile ile aliyoivaa Kerubo ilimkaa kama imeshonewa kwake. Wageni walimpiga picha. Walimwomba Kerubo asogee kidogo, tafadhali, ili wampige picha Kendi peke yake na jiko. Jiko la Kerubo.

Siku moja ya Juni, Denise alicheka jambo fulani alilosema Kendi, akamshika bega na kumwambia, "Utaniua wewe, bab."

Wakati huo Kerubo alikuwa ameshamsikia Denise akimwita bab dereva wa basi, daktari na hata paka. Hata hivyo alitoka nje kwenda kuleta makaa, ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

Barua ilikuja Oktoba. Manjit, mwanamke mchapakazi anayesimamia watu wa kujitolea, aliwaandikia wote: Denise anapumzika, na mama mpya wa nyumba ya mfua minyororo ni Kendi. Kerubo aliisoma akiwa amesimama jikoni, akaisoma tena akiwa amekaa.

"Mama, ni pudini tu," binti yake Moraa alimwambia kwa Kiingereza, bila kuinua macho kwenye simu. "Na wewe huili hata."

"Nani amesema nataka kuila? Nataka kuibeba."

Kendi alipiga simu jioni hiyo hiyo. "Mama Moraa! Umeona? Haki sijui watu wamefikiria nini. Nilidhani ni wewe."

"Hata mimi," Kerubo akasema.

"Utanisaidia, si ndiyo? Bila wewe nitachoma nyumba ya watu."

"Wewe ni mjanja, utajua tu."

"Ai, Mama Moraa. Umekasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Hongera, mwanangu." Akakata simu, akafua mashuka yaliyokuwa safi.

Jumapili iliyofuata alimfuata Manjit ofisini, akiwa bado na gauni la sufu na masizi mikononi.

"Nilitaka kuuliza tu," alisema. "Ni kitu gani nimekosea?"

Manjit aliweka kalamu chini. "Hujakosea kitu, Kerubo. Mama wa nyumba lazima awepo Jumamosi na Jumapili, wikendi zote mbili. Wewe Jumamosi huji. Miaka sita nimeiheshimu Sabato yako. Nisingeweza kukuomba uivunje kwa ajili ya pudini."

Hapo ndipo mambo yangeweza kuishia. Jibu lilikuwa la haki, hata la upole, na Kerubo alikiri kwangu kwamba alilielewa siku ile ile. Lakini alikuwa ameingia ofisini na moto kifuani, akakuta hauna pa kutokea.

"Naweza kuja Jumamosi," alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Na afadhali, kwa sababu Kendi mwenyewe aliniambia anaogopa. Hospitali inambana Desemba. Jumamosi hataziweza. Anaona aibu kukwambia."

Kendi hakuwa amesema hivyo. Alikuwa amebadilishana shifti nne, na mbili kati ya hizo Kerubo ndiye aliyemwonyesha namna ya kuziomba.

Manjit alikuna kichwa akafikiri. Mwisho akagawa: Kerubo Jumamosi, Kendi Jumapili. Kerubo alishuka ngazi za ofisi akiwa mwepesi kama msichana.

Siku ya kukoroga pudini Kendi alikuwa mchangamfu kupita kawaida, na hakumtazama Kerubo usoni. Aliwaamkia wageni, akaeleza habari za Mamajusi, akamsaidia mtoto mmoja kushika mwiko. Zamu yake ilipofika Kerubo alifumba macho. Yeye haombi kitu mbele ya bakuli. Anaomba mbele ya Mungu. Lakini macho yalipofumbwa, jambo lilikuja lenyewe bila kuitwa: Kendi aaibike. Mara moja tu, mbele ya watu. Akakoroga haraka, akampa mwiko mtu aliyefuata. Kendi akawa wa mwisho, kwa kuwa ilikuwa Jumapili na Jumapili ilikuwa yake. Akatumbukiza sarafu. Watu wakapiga makofi. Kerubo alirudi kwenye jiko lake, akalichochea ingawa halikuhitaji kuchochewa.

Ijumaa ya tarehe kumi na mbili Desemba jua lilitua Birmingham kabla ya saa kumi na moja jioni. Kerubo alikaa na Moraa mezani, wakasoma zaburi kama kila Ijumaa. Kisha akaandika kwenye kundi la simu la kanisa: "Kesho sitakuwepo, nimepangiwa shifti. Niombeeni." Wakajibu kumi na wanane, wote wakimpa pole.

Asubuhi aliwasha jiko. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuwasha moto wa kazi siku ya Sabato, na liliwaka vizuri sana, bila moshi hata kidogo, jambo ambalo lilimwudhi. Mtu wa karakana alipita akachungulia. "Kumbe jiko hili Jumamosi linaweza," akasema.

Saa nne Kendi aliingia, amevaa kofia na aproni ya mtumishi wa ndani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha kazini.

"Leo si siku yako," Kerubo akamwambia.

"Najua. Nimekuja kukushikia sahani."

"Sihitaji mtu wa kunishikia sahani."

"Basi nitashika mlango." Akasimama mlangoni, mikono mbele ya aproni, kama mtumishi kweli.

Saa sita mapazia yalifungwa. Sebuleni kulikuwa na watu kama arobaini, watoto wamebebwa mabegani, mlango wa jikoni umeachwa wazi ili waone. Kerubo aliitoa pudini kwenye kitambaa, nyeusi, inang'aa, inatoa mvuke. Akachomeka jani la miiba juu yake, pambo la Krismasi. Kisha akashika chupa. Mkono wake haukuwahi kushika chupa ya aina hiyo. Aliishika shingoni kama mtu anayemshika kuku asiyemwamini. Akaimimina juu ya pudini, kidogo, akijizuia asivute pumzi. Akawasha njiti ya kiberiti.

Njiti ikagusa brandi, ikazima.

Akawasha ya pili. Ikazima. Harufu ikampanda puani. Akaongeza brandi, akawasha ya tatu, akaishika pale pale mpaka ikamkaribia kidole. Kitu pekee kilichowaka ni ncha ya lile jani, ikafuka moshi kidogo, basi.

Sebuleni mtu alicheka kwa pua. Mtoto akauliza kwa sauti ile ya watoto gizani, "Mbona haiwaki?" Na mama yake, "Shii, itawaka, subiri."

Makaa Kerubo aliyajua, na kuni, hata mavi makavu ya ng'ombe kwa shangazi yake wakati wa kiangazi. Brandi hakuijua. Brandi ya baridi haishiki moto. Lazima ipashwe kwanza kwenye upawa, ianze kutoa mvuke, ndipo iwashwe. Denise alikuwa ameifanya hivyo juu ya jiko lile lile la Kerubo, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka Kerubo alikuwa nje na ndoo.

"Ipashe kwanza, Mama Moraa," Kendi akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, kutoka mlangoni.

"Nyamaza."

"Ipashe kwenye upawa, Denise alinifundisha. Hii imepoa, haiwezi kushika."

"Nimesema nyamaza!" Akawasha njiti ya nne. Ikamwunguza kidole. Mikono ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba kiberiti kililia kama njuga.

Ndipo Kendi akageukia sebule, akapiga goti kidogo kama mtumishi, na kwa sauti yake ile ya kuvuta maneno akasema: "Mtuwie radhi, jamani. Bibi aliniagiza nimpashie brandi yake, nami mvivu nikasahau. Mwaka jana alinikata mshahara kwa kosa hili hili. Niimbieni ubeti mmoja asije akanifukuza leo."

Watu wakacheka, wakaanza kuimba. Kendi akachukua upawa, akamimina brandi, akauweka juu ya jiko na kuutazama, midomo ikihesabu. "Sasa," akasema. Akamkabidhi Kerubo upawa mkononi. Kerubo akamimina, akawasha, na moto ukaruka, buluu, laini, ukatiririka hadi kwenye sahani kama maji. Watu wakaguna. Kerubo akainua sahani, akapiga hatua nane mpaka sebuleni, akaibeba pudini.

"Makofi yale yote," aliniambia, "sikuyasikia hata moja kuwa yangu."

Waliosha vyombo wawili peke yao, wageni walipotoka. Kendi alisuuza, Kerubo alikausha.

"Kwa nini umenisaidia?" Kerubo akauliza.

"Manjit aliniambia," Kendi akasema.

"Alikwambia nini?"

"Aliniambia, pole Kendi, nimesikia hospitali inakubana Jumamosi. Nikamwuliza, nani amesema? Akasema, si ni Kerubo." Akakung'uta maji mikononi. "Nikanyamaza. Sikukuumbua. Nikasema, acha, nitakuja siku yake nione. Nimetoka kazini saa moja asubuhi, nimepanda mabasi mawili, sijalala, ili nikuone ukiaibika, Mama Moraa. Haki ya Mungu."

"Umeniona."

"Nimekuona. Njiti mbili za kwanza nilifurahi, nisikudanganye. Ya tatu, kidogo. Ya nne nikaona mikono yako."

Kerubo alikunja kitambaa, akakikunjua. "Mimi ningekuacha," akasema.

"Najua."

"Ningekuacha mpaka kiberiti kiishe."

"Najua, Mama Moraa! Ungeenda kuniletea kingine." Kendi akaanza kucheka, cheko la mtu aliyechoka sana, akaegemea meza. Kerubo hakucheka. Alikuwa anamtazama na kufikiri kwamba hata uzuri wa moyo Mungu alimwongezea huyu, kana kwamba sauti na urefu havikutosha.

Alivua kofia akapanda ofisini. Alimwambia Manjit yote, kuanzia uongo wa shifti za Kendi, na hakutafuta maneno ya kuupamba. Manjit alisikiliza bila kumkatiza. Rangi ilimpanda shingoni.

"Nilipanga upya siku za watu kumi na wawili kwa neno lako," akasema hatimaye.

"Najua. Jumamosi ijayo mpe Kendi. Mimi nitakuwa kanisani."

"Kendi atakuwa mama wa nyumba siku zote, na mwakani pia. Jiko unaweza kuendelea nalo." Akachukua kalamu. "Ukitaka."

Neno hilo la mwisho lilimkwama Kerubo kooni kama mwiba wa samaki. Miaka sita hakuna mtu aliyewahi kumwambia ukitaka.

Alitaka. Kesho yake, Jumapili, saa mbili asubuhi alikuwa amepiga magoti palepale. Na saa sita, chupa ilipotoka, hakugusa ndoo. Alisimama kando ya jiko, mikono nyuma, akaangalia kila kitu: brandi kiasi gani, upawa muda gani, njiti ishikwe upande upi. Kendi aliinua sahani juu kuliko Denise alivyowahi kuinua na kutokea mlangoni uso wake ukiwa umeangazwa kwa chini. Denise alikuwa amekaa kwenye kiti mbele, mgeni sasa, fimbo magotini, na machozi yalikuwa yakimtiririka. "Haijawahi kuwaka hivi," alisema. "Haijawahi."

"Alimimina nyingi mno," Kerubo aliniambia mimi. "Mtu yeyote akimimina nyingi itawaka hivyo." Akanywa chai. "Lakini aliibeba vizuri. Mkono haukutikisika."

Nilimwuliza kama wamepatana. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Kendi huja kula kwake Jumatano, amezoea, na chakula anakimaliza chote. Kerubo amemwonyesha kilango cha moshi, ila si namna ya kupanga vijiti. Moyo wake, alisema, unakwenda taratibu.

Jumamosi ya tarehe ishirini alikuwa kanisani, benchi la tatu, Moraa pembeni. Tayari alikuwa amewaeleza kina mama wa kanisa kwamba haikuwa shifti, na walimsamehe haraka mno, kwa namna inayoudhi. Mchungaji alihubiri habari za wachungaji wa kondoo kondeni. Kerubo alisikia mwanzo wake. Ukutani, juu ya kichwa cha mchungaji, kulikuwa na saa, na mshale mkubwa ulikuwa unapanda. Saa sita kasoro kumi: sasa wanafunga mapazia. Kasoro tano: sasa anafungua kitambaa, mvuke unamgonga usoni. Jiko leo limewashwa na yule mtu wa karakana, nyumba nzima imefuka, macho yanawawasha, na ni vizuri. Kasoro mbili: upawa.

Aliinamisha kichwa. Moraa alidhani amesinzia, akamgusa kiwiko.

"Ninaomba," Kerubo akamnong'oneza.

Alikuwa anaomba kweli. Alimwomba Mungu moto wa Kendi uwake. Kisha, kwa kuwa ilikuwa Sabato na Yeye anaona hata hivyo, akakiri kwamba ombi lenyewe hakulitaka sana, ila alilipeleka hivyo hivyo kama lilivyo. Alipoinua macho ilikuwa imeshapita saa sita na dakika moja.